Ukimshuku mwanafunzi kwa udanganyifu: mwongozo kamili wa mhadhiri, kuanzia ukumbini hadi mbele ya kamati

Kesi nyingi za udanganyifu vyuoni hazifii kwenye kamati. Hufia mikononi mwa mhadhiri, ndani ya saa moja ya kwanza. Mmoja anachana kijitabu cha majibu kwa hasira. Mwingine anasubiri hadi wakati wa kusahihisha, kisha anaweka sifuri kimyakimya. Wa tatu anamwita mwanafunzi ofisini jioni ili "wayamalize". Mwanafunzi akikata rufaa, chuo kinatafuta karatasi ya kuonesha na hakuna. Aliyedanganya anabaki na alama zake. Au, baya zaidi, asiye na kosa anadisko (anaondolewa chuoni) kwa sababu hakuna aliyeandika kilichoonekana kweli.

Mwongozo huu ni wa wahadhiri na wakufunzi wa vyuo vya Mwanza, uwe Malimbe, Bugando au Capri Point. Shika jambo moja mwanzo mwisho: kazi yako ni kuona, kuhifadhi na kupeleka. Kuhukumu ni kazi ya chombo kingine. Kanuni za chuo chako zikipingana na neno lolote hapa, fuata kanuni.

## Vinavyohitajika

Andaa hivi kabla ya wiki ya mitihani, si siku ya tukio:

- Kanuni za mitihani za chuo, toleo la mwaka huu. Toleo la zamani limeshaangusha kesi nzuri kwa sababu kifungu kilichotajwa kilikuwa kimebadilishwa.
- Fomu za taarifa ya tukio, angalau 5 kwa kila chumba.
- Bahasha za kaki za ukubwa wa A4, 5 kwa chumba, pamoja na gundi.
- Kalamu ya rangi ambayo watahiniwa hawaruhusiwi kutumia. Kijani inafaa.
- Vijitabu vya majibu vya akiba.
- Orodha ya mahudhurio yenye nafasi ya sahihi na namba ya kiti.
- Saa moja ya ukutani inayoonwa na wote. Muda wote utaandikwa kwa saa hiyo.
- Wasimamizi wasiopungua wawili, na ikiwezekana mwanamke mmoja na mwanamume mmoja.

Kwa kazi za kosiweki, yaani zile zinazofanywa nje ya ukumbi wa mtihani, ongeza nakala ya maelekezo uliyowapa wanafunzi, faili asili la kazi yenyewe, na kazi mbili au tatu za awali za mwanafunzi yuleyule.

## Hatua ya 1: Safisha ukumbi kabla ya kumshuku mtu

Ingia dakika 45 kabla ya mtihani. Pita meza kwa meza ukiangalia maandishi ya penseli, karatasi zilizobanwa chini ya mbao na vipande vilivyofichwa dirishani. Angalia na vyoo.

Sababu ni moja. Utetezi wa kwanza wa kila mtuhumiwa ni "nimeikuta mezani." Kama hukukagua, utetezi huo una nguvu na hutakuwa na jibu. Kama umekagua na umeandika muda wa ukaguzi, utetezi huo umebaki maneno matupu.

Wanapoingia, linganisha sura na kitambulisho cha chuo, kisha kitambulisho na kibali cha mtihani. Usilinganishe karatasi kwa karatasi tu. Anayemfanyia mwenzake mtihani huleta karatasi zote zikiwa sahihi.

Kisha toa tangazo, kwa Kiingereza na Kiswahili, taratibu: "Mabegi yote mbele. Simu izimwe iwekwe begini. Saa za kisasa zivuliwe. Mwenye karatasi yoyote mfukoni ailete sasa, hataandikwa popote." Wape dakika mbili. Sentensi ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Kuna wanafunzi wanaotoka kusoma desa (notisi za mtihani) kivulini nje ya ukumbi na kulisahau mfukoni. Waliosahau watasimama, na utabaki na wale waliokusudia.

Andika kwenye orodha: "Tangazo limetolewa saa 2:55 asubuhi."

## Hatua ya 2: Dakika tano baada ya kuona

Hapa ndipo panapoharibika. Fuata mpangilio huu bila kuruka.

Mwite msimamizi wa pili kwa ishara. Usipaze sauti. Asogee upande wa pili wa meza aone kwa macho yake, kabla hujagusa kitu. Shahidi aliyeletwa baada ya karatasi kuwa mkononi mwako hakushuhudia chochote.

Chukua ushahidi. Iwe nondo (kikaratasi cha majibu kilichofichwa), desa lililokunjwa au simu, kichukue kwa utulivu ukisema tu: "Naomba hiyo. Endelea kukaa." Usimwambie umemkamata. Usimwambie atafukuzwa.

Piga mstari. Kwa kalamu ya kijani, chora mstari chini ya neno la mwisho aliloandika, andika muda, weka sahihi, na msimamizi wa pili aweke yake. Mstari huu unatenganisha kilichoandikwa kabla na baada. Bila huo kamati haiwezi kujua nondo ilimsaidia katika swali lipi.

Mpe kijitabu kipya aendelee, isipokuwa kanuni za chuo chako zinasema atolewe. Wahadhiri wengi wanakataa hatua hii kwa sababu inawauma. Lakini akitolewa na baadaye ikaonekana hana kosa, hakuna namna ya kumrudishia saa zile. Akiendelea, vijitabu vyote viwili vipo na kamati itaamua kipi kisahihishwe. Dakika alizopoteza zirudishwe mwishoni, na ziandikwe.

Weka kwenye bahasha. Funga kwa gundi. Juu ya mfuniko, nyinyi wasimamizi wawili muweke sahihi zinazovuka mshono, ili ikifunguliwa ionekane. Nje andika namba ya usajili, kiti, kozi, tarehe, muda na kilichomo, kwa mfano: "Karatasi 1, sentimita kama 6 kwa 9, imeandikwa pande zote."

### Simu

Usiifungue. Usimwambie mwanafunzi aingize namba ya siri. Usipekue ujumbe wala picha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Katiba inalinda faragha katika ibara ya 16. Mhadhiri aliyepekua Wasapu ya mwanafunzi anageuka yeye kuwa mtuhumiwa.

Kama kioo kilikuwa wazi mlipofika, andikeni nyote wawili mlichosoma kiooni, neno kwa neno. Inatosha. Katika vyuo vingi kuwa na simu mezani ni kosa tayari, hata kama ilikuwa imezimwa, kwa hiyo huna haja ya kutafuta zaidi. Mpe stakabadhi ya simu, na uitaje ilivyo: rangi, aina, kioo kimepasuka au la.

### Mwili

Hakuna msimamizi anayempapasa mtahiniwa. Ukishuku kitu kimo ndani ya nguo, mwombe akitoe mwenyewe mbele ya msimamizi wa jinsia yake. Akikataa, andika kuwa alikataa. Akitafuna karatasi au akiitupa dirishani, usimkabe. Andika kilichotokea na nani aliona.

### Kupiga chabo (kuchungulia kazi ya jirani)

Huu ndio ushahidi dhaifu kuliko wote, kwa sababu macho hutembea hata kwa anayefikiri. Mara ya kwanza onya bila kutaja jina. Mara ya pili mhamishe kiti, na uandike kiti alichotoka, alichokwenda, muda na nani aliyekuwa jirani yake. Usiandike zaidi ya hapo. Ushahidi wenyewe utautafuta wakati wa kusahihisha.

Wakati huo usilinganishe majibu sahihi. Wawili waliosoma vizuri watafanana. Linganisha makosa. Tuseme mtihani ni wa kuchagua, kila swali lina majibu 4, na majirani wawili wamekosea maswali 10 yaleyale kwa kuchagua jibu baya lilelile. Kila swali lina majibu mabaya 3. Kama wangekuwa wanabahatisha tu, uwezekano wa kulingana mara 10 mfululizo ni 1 katika 59,049. Lakini usikimbilie kamati na hesabu hiyo. Majibu mabaya hayavutii sawa, na kuna lile ambalo nusu ya darasa huliangukia. Hesabu kwanza darasa zima lilichagua nini. Makosa yaliyochaguliwa na wengi yaondoe. Yaliyochaguliwa na hao wawili peke yao, au na wachache sana, ndiyo yenye uzito.

Utajua hatua hii imefanikiwa ikiwa mtahiniwa aliyekaa safu ya nyuma hakujua kumetokea nini.

## Hatua ya 3: Andika taarifa kabla hujala chakula cha mchana

Kumbukumbu inaanza kujipamba usiku huohuo. Andika siku hiyo, wewe na msimamizi wa pili, kila mtu kivyake, bila kuoneshana.

Tazama sentensi hii: *"Mwanafunzi alikuwa anadanganya na nilipomfuata alionekana kuogopa."* Haina kitu. Kudanganya ni hukumu, na kuogopa ni tafsiri. Kila anayefuatwa na msimamizi huogopa.

Tazama hii: *"Saa 3:42 asubuhi, mtahiniwa wa kiti 47 alikuwa ameshika kipande cha karatasi kwa mkono wa kushoto chini ya karatasi ya maswali. Nilisimama nyuma yake umbali wa meza moja. Niliona maandishi ya wino wa bluu. Nilimwita msimamizi wa pili, akafika saa 3:43, naye akaiona ikiwa bado mkononi."* Kila neno hapo linaweza kuulizwa na kujibiwa.

Sasa jambo dogo linaloangusha kesi hapa kwetu kuliko watu wanavyodhani: saa. Fomu nyingi za chuo ni za Kiingereza, na mhadhiri anaandika 9:42. Msimamizi wa pili anaandika maelezo yake kwa Kiswahili: saa 3:42. Mwanafunzi anasema tukio lilikuwa saa 3 na dakika kadhaa. Kufika kwenye kamati inaonekana mashahidi wanapishana kwa saa 6. Kubalianeni mfumo mmoja na mwandike juu ya kila karatasi: "Muda wote ni wa saa za Kiswahili," au kinyume chake.

Mpe mwanafunzi nafasi ya kuandika maelezo yake kwa mkono wake, kwa lugha anayoiweza. Akikataa kusaini, usimlazimishe. Andika "amekataa kusaini", muda, na shahidi.

## Hatua ya 4: Kazi za kosiweki na ripoti za fildi

Hapa hakuna wa kumkuta na karatasi mkononi. Kila kitu ni ulinganisho, na hatari ya kumwonea mtu ni kubwa zaidi.

Asilimia ya mfanano si hukumu. Programu kama Turnitin hupima maandishi yanayofanana na yaliyomo kwenye hifadhi yake. Haijui nia. Ukurasa wa jalada, swali lililonakiliwa juu, orodha ya vyanzo na vifungu vya sheria vilivyonukuliwa ipasavyo vyote hupandisha namba. Ondoa orodha ya vyanzo na nukuu kwenye mipangilio, kisha soma kilichobaki kwa macho. Kazi yenye asilimia 35 zilizotapakaa vipandevipande inaweza kuwa safi. Kazi yenye asilimia 12 ambayo ni kipande kimoja katikati ya mjadala, bila kutaja chanzo, ina tatizo. Chapa kurasa mbili, ya mwanafunzi na ya chanzo, piga mstari kwenye maneno yaleyale, zibane pamoja. Hicho ndicho cha kupeleka, si namba.

Kazi mbili zinazofanana. Usidhani unajua nani kamnakili nani. Mwite kila mmoja peke yake, mwombe rasimu na faili asili. Ukiangalia sifa za faili, jihadhari na jina la mwandishi. Wanafunzi wengi wanachapisha kazi steshenari, kwa hiyo faili za watu 20 zitabeba jina la kompyuta ileile ya dukani. Hilo linathibitisha tu kuwa zilichapwa hapo.

Akili mnemba. Usimpeleke mtu kwenye kamati kwa matokeo ya programu ya kutambua maandishi ya mashine peke yake. OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, wenyewe waliondoa programu yao ya aina hiyo Julai 2023 kwa kukosa usahihi. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu programu 7 kwa insha za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuandikwa na mashine. Fikiria sasa kijana aliyekua na Kisukuma nyumbani, akasoma msingi kwa Kiswahili, na Kiingereza chake ni cha sentensi fupi zilizonyooka alizofundishwa sekondari. Ndiye programu itakayemshika kwanza. Hata programu inayokosea mara 1 tu katika 100, ukiipitisha kwa watu 400 wasio na kosa, itakuletea watuhumiwa 4.

Tafuta vitu vinavyothibitika. Kagua vyanzo kimoja kimoja: je, makala hiyo ipo, mwandishi aliiandika, ukurasa huo una jambo hilo? Chanzo kisichopo ni kosa linalosimama lenyewe, hata usipojua kilitoka wapi. Pia soma upya maelekezo uliyotoa. Kama hukuandika kuwa akili mnemba hairuhusiwi, au inaruhusiwa kwa kiasi gani, kesi yako ina shimo ulilolichimba mwenyewe.

Data za kubuni. Chukua dodoso 40 za wafanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba. Ziweke mezani na uzitazame kabla ya kuzisoma. Dodoso iliyofika mwaloni kweli ina mikunjo, ina kona iliyolowa, ina kalamu iliyobadilishwa baada ya ya kwanza kugoma, ina swali lililorukwa kwa sababu mteja alifika. Zikiwa 40 zote zimenyooka, wino mmoja, kila swali limejibiwa, "ndiyo" na "hapana" zinapishana kwa mpangilio, una sababu ya kuuliza. Kuuliza tu. Huenda alinakili upya kwa usafi. Mwombe za awali, tarehe alizokwenda, na aliyemwongoza pale sokoni.

## Hatua ya 5: Mazungumzo na mwanafunzi

Fanya hivi kwa kosiweki pekee, na kama kanuni zinaruhusu. Kwa tukio la ukumbini usimwite. Limeshatoka mikononi mwako.

Mchana, ofisini, mlango wazi, mwenzako mmoja yupo akiandika. Dakika 20 zinatosha. Anza na maswali ya kazi, si ya tuhuma: "Nieleze aya hii ya ukurasa wa 6 kwa maneno yako." "Neno hili ulilitumia kwa maana gani?" "Ulianza na sehemu ipi?" Kubali Kiswahili. Unapima kama anaijua kazi, hupimi Kiingereza chake. Kisha nyamaza. Wahadhiri wengi huharibu hapa kwa kumjazia majibu.

Onyo. Usikutane na mwanafunzi wa kesi peke yenu, jioni, nyumbani au hotelini, kwa sababu yoyote. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inataja rushwa ya ngono waziwazi katika kifungu cha 25. Anayetumia kesi ya mtihani kumtaka mwanafunzi ni mhalifu, na nafasi yake ni mbele ya TAKUKURU.

Ndugu nao watakuja. Mjomba atapiga simu, mchungaji atapita ofisini, boksi la sangara litaletwa getini. Rudisha boksi siku hiyohiyo, ukiandika nani alilileta. Jibu moja linatosha kwa wote, bila ukali: "Shikamoo mzee. Nimekuelewa, lakini jambo hili limeshafika kwa afisa mitihani. Mimi sina tena mamlaka nalo." Jibu hilo ni kweli tu kama umeshalipeleka, na ndiyo maana hatua ifuatayo haingoji kesho.

## Hatua ya 6: Peleka juu

Ndani ya saa 24, au mapema zaidi kanuni zikisema hivyo, kabidhi kwa afisa mitihani: bahasha iliyofungwa, vijitabu vyote viwili, taarifa zenu mbili, maelezo ya mwanafunzi na orodha ya mahudhurio. Mkuu wa idara apate nakala. Aliyepokea asaini kwenye daftari la makabidhiano, na tarehe. Kila mkono uliopokea bahasha uonekane kwenye daftari hilo. Pengo la siku mbili lisiloelezeka linatosha mtu kusema karatasi imebadilishwa.

Usiweke sifuri. Sifuri ni adhabu, na wewe huna mamlaka ya adhabu. Alama zibaki hazijakamilika. Usimpe sapu (mtihani wa marudio) "kumsaidia". Na usiandike lolote kwenye kundi la Wasapu la idara wala la darasa, hata bila jina. CR (kiongozi wa darasa) atajua ni nani kabla hujaweka simu mezani.

## Hatua ya 7: Mbele ya kamati

Wewe ni shahidi. Kama umo kwenye kamati hiyo, jitoe kwa shauri hili na uombe iandikwe kwenye muhtasari.

Katiba, ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa, na haisemi mahakamani tu. Inataja na chombo kingine kinachohusika. Kwa hiyo hakikisha, kabla ya kikao, kuwa mwanafunzi alipewa tuhuma kwa maandishi na muda wa kujiandaa. Usione ni kumpendelea. Hukumu iliyotolewa bila kumsikiliza ndiyo rahisi kuliko zote kubatilishwa.

Jibu ulichoona tu. Ukiulizwa usichokumbuka, sema hukumbuki na uelekeze kwenye taarifa yako. Ukiulizwa adhabu gani inafaa, waachie wao.

## Hatua ya 8: Baada ya uamuzi

Akikutwa hana kosa, mtihani wake usahihishwe kama wa wengine, na mwenzako ausahihishe badala yako. Usimwite kumweleza kuwa wewe bado unaamini alidanganya.

Akikutwa na kosa, usitupe chochote. Bahasha, daftari na vijitabu vibaki vimefungiwa kwa afisa mitihani hadi muda wa rufaa uishe. Simu irudishwe uamuzi wa mwisho ukitoka, na kabla hajaipokea, ilinganisheni pamoja na stakabadhi: rangi, aina, kioo. Asaini nyuma ya stakabadhi hiyohiyo, na ibaki kwenye jalada.